Prosesa au RAM? Kuchagua kompyuta ya kuhariri picha kwa kazi za Mbeya, Iringa na Njombe

Katika maduka ya kompyuta ya Mbeya mjini, na hali kadhalika Miyomboni kule Iringa, mteja anayetafuta mashine ya kuhariri picha huonyeshwa kompyuta zilizotumika ambazo kwa macho zinafanana: zote nyeusi au za kijivu, zote zimefutwa vumbi, na kila moja ina nembo ya i5 au i7, yaani madaraja ya prosesa za Intel. Mazungumzo mengi huishia kwenye nembo hiyo, na anayemudu i7 huondoka akiamini kuwa amechukua mashine yenye nguvu kuliko zilizobaki dukani. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu mpigapicha wa harusi, msanifu wa mabango na mwenye stesheneri hutoa fedha walizozichuma kwa jasho, na ni haki yao kujua nembo hiyo inasema nini na inanyamazia nini.

Msimamo wangu ni huu: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kazi iliyofunguliwa hukaa, ndiyo huamua kama kazi yako itatoshea ndani ya mashine, na prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu, ndiyo huamua utaisubiri kwa muda gani ikishatoshea. Anayenunua prosesa kali huku RAM haitoshi kwa mafaili yake atakuwa amelipia kasi asiyoweza kuitumia. Na anayejaza RAM nyingi kuliko mafaili yake hatapata kasi yoyote ya ziada kwa ile sehemu isiyoguswa.

Mashine nne tunazolinganisha

Ya kwanza ni kompyuta mpakato ya kizazi cha sita cha Intel, mfano HP EliteBook 840 G3, yenye prosesa Core i7-6600U na RAM ya gigabaiti 16. Ya pili ni mpakato wa kizazi cha nane, mfano ThinkPad T480, yenye Core i5-8250U na RAM ya gigabaiti 8. Ya tatu ni kompyuta ya mezani, mfano Dell OptiPlex 7060, yenye Core i5-8500 na RAM ya gigabaiti 16. Ya nne ni MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, yenye RAM ya gigabaiti 8. Nimechukulia kwamba zote zina diski ya SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, kwa kuwa mashine ya kuhariri picha inayotegemea diski ya kuzunguka peke yake haifai kuingizwa katika ulinganisho wa namna hii.

Nitazipima kwa mambo manne: zinavyobeba faili moja kubwa lenye matabaka mengi (yale ambayo wengi huyaita leya), zinavyomaliza fungu la mamia ya picha kwa mkupuo, zinavyoweza kuongezewa uwezo baadaye, na zinavyostahimili umeme, vumbi na kupita kwa miaka. Bei sikuiweka miongoni mwa vigezo, kwa sababu hubadilika kutoka duka hadi duka na kutoka shehena hadi shehena. Msomaji atailinganisha mwenyewe akiwa mbele ya muuzaji.

Prosesa na RAM hugawana kazi namna gani

Mtu aliyewahi kusimama katika kiwanda cha mbao Mafinga atauelewa uhusiano huu upesi. Msumeno ndio prosesa, uwanja wa magogo yaliyopangwa kando ya msumeno ndio RAM, na msitu wa Sao Hill ndio diski. Magogo yakiwa tayari uwanjani, kasi ya kazi ni kasi ya msumeno. Uwanja ukiwa mdogo kuliko oda ya siku, msumeno husimama kila mara kusubiri lori lirudi kutoka msituni, na hapo hata ukinunua msumeno mkali mara mbili, lori halitaongeza mwendo.

Sasa tuone ukubwa wa magogo yenyewe. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani pikseli milioni 24. Faili lake la JPEG kwenye memori kadi linaweza kuwa na megabaiti kama 10 tu, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu picha ikishafunguliwa ule mgandamizo huondolewa. Kila pikseli inahitaji baiti tatu, moja kwa kila rangi, na hivyo picha hiyo hukalia takriban megabaiti 72 za RAM. Ukiifungua kwa kina cha biti 16, kama wanavyofanya wanaohariri kutoka RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili anga na ngozi zisipate michirizi, inakuwa megabaiti 144. Ongeza matabaka kumi yaliyojaa picha na umefika karibu gigabaiti 1.4, kabla ya kuhesabu kumbukumbu ya hatua zilizopita, ambayo Photoshop, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kwa mpangilio wake wa awali huitunza kwa hatua 50.

Kwa upande wa prosesa yapo mambo mawili yanayochanganywa: kasi ya kiini kimoja, yaani kitengo kimoja cha kuchakata ndani ya prosesa, na idadi ya viini. Kazi ya kuhariri picha haigawanyiki yote sawasawa. Kupaka brashi, kunyoosha umbo, kuchagua nywele na kufungua menyu hutegemea zaidi kiini kimoja chenye kasi, ilhali vichujio vikubwa, kubadilisha ukubwa wa picha na kutoa JPEG nyingi kwa pamoja huweza kugawanywa. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwa nini kuongeza viini kuna ukomo: ile sehemu ya kazi isiyogawanyika hubaki kama ilivyo. Ikiwa asilimia 80 ya kazi inagawanyika, viini vinne vitaiharakisha mara 2.5, na viini sita mara 3. Lakini ikiwa ni asilimia 40 tu inayogawanyika, viini vinne vitaleta mara 1.4 hivi na viini sita mara 1.5, tofauti ambayo mkono wa mhariri hautaihisi.

Toleo la programu nalo lina sehemu yake. GIMP, ambayo hupatikana bure, ilianza kugawa sehemu kubwa ya uchakataji wake kwa viini vingi katika toleo la 2.10 la mwaka 2018. Anayeendelea na toleo la zamani alilonakili kutoka kwenye fleshi ya rafiki anaacha viini vyake vikae bure.

Faili moja kubwa lenye matabaka

Hapa ndipo msanifu wa mabango na kalenda anapopaswa kutulia. Chukua bango la mita 3 kwa mita 1. Likiundwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, upande wake mrefu unafika pikseli 35,433 na upande mfupi 11,811, jumla ya pikseli zaidi ya milioni 418. Kwa rangi nne za uchapaji, tabaka moja tu lililojaa linachukua takriban gigabaiti 1.67, na matabaka sita yanafika gigabaiti 10. Zaidi ya hapo, faili la kawaida la Photoshop (PSD) haliruhusu upande unaozidi pikseli 30,000, na hivyo kazi hiyo italazimika kuhifadhiwa kama PSB, aina ya faili la Photoshop kwa kazi kubwa. Bango hilohilo likiundwa kwa nukta 100 kwa inchi, ambazo zinatosha kabisa kwa kitu kitakachotazamwa kutoka upande wa pili wa barabara ya Kabwe, tabaka moja linakuwa takriban megabaiti 186, yaani sehemu moja ya tisa. Namsihi kila msanifu aamue kwanza suala hili kabla ya kuamua kuwa kompyuta yake imechoka, kwa maana hakuna gigabaiti za RAM zinazopatikana kwa urahisi kama hizo zinazookolewa kwa kuchagua nukta sahihi.

Mashine ya i7-6600U, pamoja na uzee wake, hufanya vizuri katika kigezo hiki. Gigabaiti 16 zinaipa Photoshop nafasi ya kutosha, kwani programu hiyo hujitengea asilimia 70 ya RAM inayoweza kuitumia isipobadilishiwa mpangilio, na kiini chake kimoja kinafika gigahezi 3.4, kasi ileile ya juu ya i5-8250U. Kalenda ya kurasa nyingi, kadi ya mwaliko yenye matabaka ya maua na dhahabu, au bango la nukta 100, vyote vitatembea bila kukwama. Kitakachochelewa ni vichujio vizito, kwa sababu ina viini viwili tu.

Mashine ya i5-8250U ina viini vinne, lakini gigabaiti 8 hugawanywa mapema. Mfumo wa Windows wenyewe, kivinjari chenye kurasa kadhaa na WhatsApp iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja vinaweza kumaliza karibu nusu yake. Kinachobaki kikijaa, Photoshop huanza kuandika kwenye diski ya akiba, yaani nafasi ya diski inayotumika badala ya RAM. RAM ya DDR4-2400 hupitisha takriban megabaiti 19,200 kwa sekunde kwa kila kijiti, ilhali SSD ya SATA hupitisha kama megabaiti 550, na diski ya kuzunguka kati ya 100 na 200. Anguko hilo ndilo ambalo mhariri hulieleza kwa fundi akisema mashine imeganda, wakati kwa kweli prosesa iko macho na inasubiri data. Kwa mafaili yasiyozidi gigabaiti moja au mbili mashine hii itamzidi mwenzake wa kizazi cha sita. Kwa makubwa zaidi itaachwa nyuma mpaka iongezewe RAM.

Kompyuta ya mezani haina udhaifu wa kuutaja hapa: gigabaiti 16, viini sita, na kasi inayofika gigahezi 4.1.

MacBook Air inahitaji maelezo ya uangalifu zaidi, kwa kuwa husifiwa kupita kiasi na hubezwa kupita kiasi. Kiini kimoja chenye kasi cha M1 kinazishinda prosesa zote tatu za Intel zilizotajwa hapa, na kwa sababu hiyo brashi hufuata mkono bila kuchelewa na menyu hufunguka papo hapo. RAM yake imeunganishwa, yaani prosesa na sehemu ya michoro hutumia hifadhi moja bila kunakiliana data, na njia yake ni pana, takriban gigabaiti 68 kwa sekunde. Hata hivyo, njia pana haiongezi ukubwa wa ghala. Gigabaiti 8 ni gigabaiti 8, tena zinagawanywa na michoro. Mfumo wake huficha upungufu kwa kugandamiza kumbukumbu na kuhamishia sehemu yake kwenye SSD yenye kasi, na kwa faili la wastani mtumiaji hatagundua. Kwa lile bango la nukta 300 atagundua, na SSD isiyoweza kubadilishwa itakuwa inaandikwa muda wote.

Fungu la mamia ya picha

Msimu wa harusi, vipaimara na mahafali ukifika, mpigapicha wa Iringa au Njombe hurudi na mamia ya picha za RAW kwa tukio moja. Hapa RAM hupungua umuhimu, kwa sababu Lightroom, programu ya Adobe ya kushughulikia picha nyingi, na programu za aina yake hushughulikia picha chache kwa wakati mmoja kisha huziachia, na gigabaiti 8 zinaweza kutosha kwa kazi hiyo. Idadi ya viini ndiyo hutawala, kwa kuwa kila picha inajitegemea na kazi hugawanyika karibu yote.

Katika kigezo hiki nembo ya i7 hudanganya waziwazi. Core i7-6600U ina viini viwili. Core i5-8250U ina viini vinne. Na zote mbili zinafika gigahezi 3.4 na zimeundwa kwa wati 15. Ile i5 ya mwaka 2017, kwa kutoa JPEG za harusi, inaizidi i7 ya mwaka 2015 kwa kiasi ambacho kinaweza kukaribia mara mbili. Herufi na namba zinazofuata nembo ndizo zenye habari: kwa prosesa za vizazi hivi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari hueleza kizazi, na herufi U mwishoni hueleza kuwa prosesa imebanwa isitumie umeme mwingi. Mnunuzi anayejua mambo hayo mawili hatapotoshwa na rangi ya karatasi.

Kubanwa huko kuna athari ya pili. Prosesa ya wati 15 haishikilii gigahezi 3.4 kwa nusu saa mfululizo huku viini vyote vikifanya kazi; ikipata joto hushuka taratibu kuelekea kasi yake ya msingi, ambayo kwa i5-8250U ni gigahezi 1.6. MacBook Air, ambayo haina feni kabisa, huanza kwa kasi kubwa kisha nayo hupunguza mwendo fungu likiwa refu, ingawa hata ikishapunguza bado iko mbele ya mipakato yote miwili ya Intel. Kompyuta ya mezani yenye i5-8500 imeundwa kwa wati 65, ina feni na nafasi ya hewa, na hivyo picha ya mwisho ya fungu hutoka kwa kasi ileile ya picha ya kwanza. Anayetoa picha za matukio matatu kwa wiki moja ataithamini tabia hiyo kuliko takwimu yoyote ya kasi ya juu.

Baridi ya nyanda za juu inasaidia kidogo katika suala hili. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni au Julai hewa inayovutwa na feni ni baridi kuliko ile ambayo mpigapicha wa pwani anaipata mwaka mzima. Hewa ya huku pia ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu, kwa hiyo faida hiyo hupunguzwa na mwinuko uleule unaoileta.

Kuna kazi moja ya mafungu ambayo haitegemei sana prosesa wala RAM: kuondoa chembechembe kwa akili bandia, kama ile zana ambayo Lightroom iliipata mwezi Aprili 2023. Zana hiyo hutegemea kadi ya michoro, na michoro ya ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha nane huitekeleza polepole mno, dakika kadhaa kwa picha moja. M1 ina nafuu kubwa hapa. Kompyuta ya mezani inaweza kupata nafuu hiyo kwa kuwekewa kadi ya michoro, mradi kasha lake na ugavi wake wa umeme vinairuhusu.

Kuongeza uwezo baadaye

EliteBook 840 G3 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili za vijiti vya RAM kila moja, na mafundi wengi wa Mbeya na Iringa wanaweza kuvibadilisha mbele ya mteja. T480 yenye gigabaiti 8 ikifikishwa 16, udhaifu wake mkubwa katika ulinganisho huu unaondoka wote. Prosesa ya mpakato, kwa upande mwingine, imeunganishwa kwenye ubao na haibadilishwi. Kwa maneno mengine, mashine yenye prosesa nzuri na RAM ndogo inaweza kutibika, na mashine yenye RAM nzuri na prosesa dhaifu haitibiki. Kwa sababu hiyo, anayenunua leo akiwa na matumaini ya kuongeza fedha baada ya msimu anaweza kuanza na prosesa, ili mradi amehakikisha kwa macho yake kuwa nafasi ya pili ya kijiti ipo na iko wazi. Si kila mpakato wa umri huo unayo: T480s, ambayo jina lake linatofautiana na T480 kwa herufi moja tu, ina nafasi moja, na RAM yake nyingine imechomelewa kwenye ubao.

Unapoongeza, vijiti viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja na njia ya data huongezeka maradufu. Michoro ya ndani, ambayo huazima RAM hiyohiyo, hunufaika zaidi.

Kompyuta ya mezani hukubali RAM zaidi, diski zaidi, na hata prosesa nyingine ya kizazi hichohicho, kwa mfano Core i7-8700. MacBook Air haikubali chochote: RAM na SSD utakazonunua ndizo utakazozeeka nazo.

Umeme, vumbi na umri

Kompyuta ya mezani huzimika umeme unapokatika, na pamoja nayo hupotea kila kilichokuwa kwenye RAM. Katika masika ya Rungwe na Mbeya, radi zinapopiga alasiri, hilo si jambo la nadharia. Photoshop huhifadhi nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, na kwa faili kubwa inafaa kuipunguza iwe 5. Ununuzi wa kompyuta ya mezani bila UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, kwa hiyo ni ununuzi usiokamilika, na gharama ya UPS ihesabiwe pamoja na ya mashine. Mipakato hulindwa na betri, lakini betri ya mashine ya mwaka 2016 ipimwe kabla ya kulipa. MacBook Air hutumia umeme kidogo kuliko zote, na kwa mtu anayehariri akiwa kambini Ruaha au kwenye nyumba ya wageni Makete, sifa hiyo inaweza kuzidi nyingine zote.

Vumbi la kiangazi, hasa Iringa na njia za Mbarali, huziba feni na mapezi ya kupozea, na prosesa iliyozibwa hujipunguzia kasi ili isiungue. Kabla ya kuihukumu mashine ya zamani kuwa nzito, isafishwe na iwekewe gundi mpya ya kuhamisha joto. MacBook Air, kwa kutokuwa na feni, haivuti vumbi ndani. Ikiharibika, hata hivyo, mafundi na vipuri vyake ni vigumu zaidi kupatikana katika mikoa yetu kuliko vya HP, Dell au Lenovo.

Kuhusu umri, Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. Mashine ya i7-6600U imeachwa nje ya mstari huo. Inaweza kuendelea na kazi kwa programu ilizonazo, au kwa Linux pamoja na GIMP, lakini anayetegemea matoleo mapya ya Adobe afahamu kwamba anainunua ikiwa imebakiza muda mfupi.

Pima mashine uliyonayo kwanza

Ushauri wowote wa jumla, ukiwemo huu, hauwezi kushinda kipimo kilichofanywa kwa mafaili yako mwenyewe. Fungua kazi yako nzito kuliko zote, fungua Task Manager, zana ya Windows inayoonyesha matumizi ya RAM, prosesa na diski, kando yake, kisha rudia lile tendo linalokuchelewesha. RAM ikikaribia asilimia 100 na diski ikafanya kazi mfululizo huku prosesa ikiwa chini, tatizo ni RAM. RAM ikiwa na nafasi na viini vyote vikijaa, tatizo ni idadi ya viini au kizazi chake. Kiini kimoja kikijaa na vingine vikawa vitupu, viini zaidi havitakusaidia. Unahitaji kiini chenye kasi. Ndani ya Photoshop, kwenye mstari wa chini wa dirisha, chagua kipimo kinachoitwa Efficiency: kikishuka chini ya asilimia 100, programu imeanza kukimbilia diski ya akiba. Muuzaji mwaminifu hatakataa ukimwomba ufanye jaribio hilohilo dukani kwa faili ulilokuja nalo kwenye fleshi.

Ipi kwa hali ipi

Mwenye stesheneri wa Mwanjelwa au Kihesa anayepiga picha za pasipoti, kusafisha nyuso na kuchapa vyeti hahitaji zaidi ya gigabaiti 8, na mashine ya viini viwili inamtosha. Gigabaiti 16 za i7-6600U zitampa utulivu akifungua programu nyingi kwa pamoja, mradi bei yake iwe imeakisi umri wake.

Msanifu wa mabango, kalenda na vifungashio atangulize RAM. Akiwa na ofisi ya kudumu, kompyuta ya mezani pamoja na UPS inamfaa, na aanze na gigabaiti 16 akilenga 32. Akilazimika kuhama na kazi, T480 iliyofikishwa gigabaiti 16 inamfaa kuliko MacBook Air ya gigabaiti 8, ijapokuwa ya pili itaonekana nyepesi zaidi siku ya kwanza.

Mpigapicha wa harusi na mahafali atangulize viini. Kompyuta ya mezani itamaliza mafungu yake bila kuchoka. MacBook Air inamfaa yule anayechagua na kukabidhi picha chache usiku uleule akiwa ukumbini. Na T480 yenye gigabaiti 8 inaweza kuanza kazi msimu huu na kuongezewa kijiti msimu ujao. Mashine ya i7-6600U haimfai, hata ikiwa na RAM kubwa namna gani.

Anayepiga mandhari na wanyama, akaunganisha picha saba au nane za Kitulo au za ziwa Ngosi kuwa panorama moja, anahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa programu hulazimika kuzibeba picha zote ndani ya RAM na kuzilinganisha kwa viini vyote. MacBook Air ya gigabaiti 16, akiipata, inamfaa kwa safari. Ya gigabaiti 8 itamtaka aunganishe kwa mafungu madogo.

Mwanafunzi wa chuo, awe Iyunga au Mkwawa, ambaye bado hajajua kama ataishia kwenye picha, video au uchapaji, achukue mashine ya kizazi cha nane yenye nafasi mbili za RAM, hata kama leo kijiti ni kimoja cha gigabaiti 8, na kabla ya kulipa amwombe fundi afungue kifuniko cha chini ili aione nafasi ya pili kwa macho yake.